Baipasi ya tundu dogo: kidonda kinapungua, hatari je?

Familia nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hukutana na suala hili kwa mara ya kwanza kwenye makadirio ya gharama yaliyotumwa na hospitali ya nje, mara nyingi ya India. Angiografia, kipimo cha picha za mishipa ya damu, imeonyesha mishipa miwili au mitatu ya moyo imeziba, daktari ameshasema dawa peke yake hazitatosha, na sasa kuna bei mbili mezani: baipasi ya kawaida na baipasi ya "tundu dogo". Ya pili ina maneno matamu zaidi: kidonda kidogo, maumivu kidogo, kurudi nyumbani mapema. Mgonjwa anauliza ambalo yeyote angeuliza: kama kazi ni ileile, kwa nini nipasuliwe kifua kizima?

Ana haki ya kuuliza. Tatizo ni kwamba anajibiwa kana kwamba tundu dogo ni kitu kimoja. Ni mambo matatu tofauti, kila moja lina ushahidi wake, na kila moja laweza kufanyika bila mengine.

Baipasi haizibui mshipa. Kizuizi kinaachwa palepale, daktari anajenga njia ya mchepuko: anachukua mshipa mwingine wa mgonjwa huyohuyo na kuushonea kwenye ateri ya moyo mbele ya pale ilipoziba. Mshipa huo kwa kawaida ni ateri inayoteremka nyuma ya mbavu kando ya kidari, au vena ndefu ya mguuni, ambayo René Favaloro, Muajentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland Clinic nchini Marekani, aliipatia umaarufu kuanzia 1967. Kwa njia iliyozoeleka, mfupa wa kidari unapasuliwa kwa msumeno toka juu hadi chini, moyo unasimamishwa, na mashine ya moyo na mapafu inausukumia mwili damu hadi mishono iishe. Kisha kidari kinafungwa kwa waya za chuma. Wanaotaka kupunguza ukubwa wa kazi hii wanaweza kuiacha mashine, kuuacha msumeno, au kubadilisha namna ya kuitoa vena mguuni.

Kuhusu kuiacha mashine, kuna jambo ambalo matangazo hayalitaji: si mbinu mpya hata kidogo. Daktari Vasilii Kolesov aliifanya Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi) Februari 1964, akipitia katikati ya mbavu za kushoto na kushonea ateri ya kifua kwenye moyo uliokuwa ukipiga. Mbinu ikazimika, ikafufuliwa miaka ya 1980 na Federico Benetti wa Buenos Aires na Enio Buffolo wa São Paulo. Kilichoifanya ienee ni kifaa cha miaka ya 1990 kilichobuniwa Utrecht, Uholanzi: mkono wa chuma wenye vikombe vidogo vya kunyonya, vinavyokamata sehemu ndogo tu ya ukuta wa moyo. Moyo mzima unaendelea kupiga, ila pale anaposhona daktari pametulia. Patulie kweli, maana ateri yenyewe ina upana wa milimita moja na nusu au mbili, na uzi ni mwembamba kuliko unywele.

Hoja ya wanaoikataa mashine inaeleweka. Damu inayozungushwa nje ya mwili kwenye mipira huamsha uchochezi, yaani mwili mzima kuwaka kama uliojeruhiwa, na kuubana mshipa mkuu wa aota ili moyo usimamishwe kunaweza kung'oa chembe za mafuta na chokaa zikapanda hadi kwenye ubongo. Kwa mantiki hiyo, moyo unaopiga ulipaswa kushinda kirahisi. Haukushinda. Utafiti wa ROOBY, uliofanyika katika hospitali za maveterani wa Marekani kwa wagonjwa 2,203 na kuchapishwa 2009, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja mishipa iliyopandikizwa bila mashine ilikuwa bado wazi kwa asilimia 82.6, dhidi ya 87.8 kwa waliotumia mashine. Miaka mitano baada ya upasuaji vifo vilikuwa asilimia 15.2 bila mashine na 11.9 kwa mashine. Tofauti ya namna hiyo haipuuzwi.

Lakini upande wa pili una jibu, na si jibu la kujitetea tu. Utafiti wa CORONARY ulikuwa na wagonjwa 4,752 katika nchi 19, na baada ya miaka mitano makundi mawili yalikuwa karibu sawa kabisa: asilimia 23.1 bila mashine na 23.6 kwa mashine, kwa jumla ya vifo, kiharusi, mshtuko wa moyo, figo kushindwa na kurudia tiba ya mishipa. Imekuwaje majibu yapishane hivyo? Tazama sharti la kuingia. ROOBY ilimkubali daktari aliyekwisha kufanya angalau kazi 20 za moyo unaopiga, na sehemu kubwa ya mishono ilishonwa na madaktari walio mafunzoni. CORONARY ilimtaka aliyepita 100. Kwa hiyo mikononi mwa mzoefu mbinu hizi zinalingana. Mikononi mwa anayejifunza, mgonjwa ndiye anayelipa karo. Na hata kwa mzoefu, ile faida kubwa iliyoahidiwa haikuonekana kwa mgonjwa wa kawaida. Ninayemtoa hapo ni yule ambaye aota yake imejaa chokaa: kwake kuacha kuigusa aota ni busara, hata wapenzi wa mashine wanakubali.

Ndiyo maana Marekani, ambako baipasi za moyo unaopiga zilizidi kidogo moja ya tano ya baipasi zote mwanzoni mwa miaka ya 2000, idadi ilishuka, wakati kule India na Japani zimebaki kazi ya kila siku. Ushauri uleule unaweza kuwa sahihi Chennai na ukawa kosa Chicago.

Msumeno ni habari nyingine, na hapa nakiri wanaoutetea upasuaji mdogo wana hoja yenye uzito ambayo takwimu za vifo haziionyeshi. Mkato wa sentimita sita hadi nane chini ya titi la kushoto unakiacha kidari kizima. Aliyepasuliwa kidari huambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita hadi kumi na mbili, asisukume, asiendeshe gari kwa muda. Kwa mwenye mshahara na likizo ya ugonjwa ni usumbufu. Kwa dereva wa bodaboda, fundi wa kuchomelea au mama lishe ni miezi mitatu bila kipato, na ada za shule hazisubiri mfupa uunge. Isitoshe, maambukizi ya ndani ya kidari, ingawa ni nadra, ni balaa yakitokea, na huwaandama hasa wenye kisukari na wanene. Hao ni sehemu kubwa ya wanaopelekwa kufanyiwa baipasi.

Sasa upande wa hasara. Kupitia kidirisha hicho, ateri inayofikika kwa urahisi ni moja: ile ya mbele ya moyo, upande wa kushoto. Ya nyuma na ya kulia zinafikika, ila na madaktari wachache duniani waliojikita humo. Wengine hujikuta wanashona mshipa mmoja kwa mgonjwa aliyehitaji mitatu, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Utafiti wa FREEDOM, wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa kadhaa iliyoziba, uliilinganisha baipasi na stenti, kimirija cha waya kinachowekwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi: vifo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa pamoja baada ya miaka mitano vilikuwa asilimia 18.7 kwa baipasi na 26.6 kwa stenti, ingawa kiharusi chenyewe kilikuwa zaidi kwa baipasi. Hawa walipasuliwa ili mishipa yao yote ipate damu. Ukimpunguzia mgonjwa wa aina hii kidonda kwa kumpunguzia mishipa, umemnyima kile alichokilipia. Tena, kutanua mbavu kunaweza kuuma kuliko kidari siku za mwanzo, pafu moja kwa kawaida hutolewa hewa wakati wa kazi, na kuna wanaoishia kufunguliwa kifua vilevile katikati ya shughuli, kwa dharura.

Njia ya katikati ipo: ateri ya kifua ishonwe mbele kupitia mkato mdogo, mishipa mingine iwekewe stenti. Mimi naipenda, inachanganya kilicho bora kwa pande zote mbili. Ila Marekani ilipojaribu kuipima kwa utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,354, ulisimamishwa baada ya kuwapata kama 200 tu. Kupenda kwangu basi hakuna mizizi mirefu. Kuhusu roboti sina mengi: inamwezesha daktari stadi kupita kwenye matundu madogo zaidi, kwa gharama kubwa zaidi, na haimfanyi asiye stadi kuwa stadi.

Kwa Tanzania suala si la kinadharia. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza 2015, na moja ya sababu za kuwepo kwake ni kupunguza rufaa za kwenda India. Kituo kinachojenga uzoefu wake wa baipasi, nionavyo, kina kila sababu ya kuimudu kwanza kazi ya kifua wazi. Na familia inayokwenda nje ijue cha kumuuliza daktari mwenyewe, si wakala: nitapandikizwa mishipa mingapi kwa njia hii, na ingekuwa mingapi kwa kifua wazi? Umefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi mwaka huu? Wangapi uliishia kuwafungua kifua? Namba mbili za swali la kwanza zikitofautiana, mazungumzo ya kidonda yasubiri.

Limebaki la mguu, ambalo halimo kwenye tangazo lolote. Kwa desturi vena hutolewa kwa mkato mrefu unaoweza kutoka karibu na kifundo hadi kwenye paja, na wagonjwa wengi husema mguu uliwasumbua kuliko kifua. Kwa kutumia kamera, matundu mawili au matatu karibu na goti yanatosha. Mwaka 2009 uchambuzi mmoja ulitia hofu kwamba vena zilizotolewa hivyo huziba mapema. Utafiti wa REGROUP wa 2019, wagonjwa 1,150 na watoaji vena wazoefu, uliishusha hofu hiyo: vifo, mshtuko wa moyo na kurudia tiba vilikuwa asilimia 13.9 kwa kamera na 15.5 kwa mkato, tofauti isiyo na maana kitakwimu, lakini maambukizi ya mguu yalikuwa 1.4 dhidi ya 3.1. Hapa mgonjwa hapunguziwi mshipa hata mmoja, na kifua kinaweza kufunguliwa kama kawaida. Gharama iko kwenye vifaa, ambavyo vingi ni vya kutumika mara moja, na kwenye mafunzo ya msaidizi anayeivuta vena, kwa sababu mkono mzito huko unaiharibu kabla haijafika kwenye moyo. Kama hospitali ya kwetu ina fedha ya kuanzisha tundu dogo moja tu, ningeiweka hapo.