Sikumpiga, nilimshika kitenge tu

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawarushia sauti kwenye WhatsApp akidai kwamba nilimpiga mama mzee kwa jembe, naomba mnisikilize na mimi: sikumpiga, nilimshika kitenge tu, na jembe liliangukia mguu wangu mwenyewe.

Parseli ile, yaani kiwanja, ya Majengo hapa Goma mnaijua, ambayo nusu yake imelaliwa na mawe ya volkano ya mwaka 2002. Nilipoomba kulima kipande kilichobaki bure, nilimweleza mwenye parseli kwa mbwembwe kwamba hata Uingereza, mwaka 2009, ulianzishwa mpango ulioitwa Landshare, ambao mwenye bustani asiyeilima alimwachia asiye na ardhi, kisha wakagawana mavuno. Mama akauliza, "Na huko, mtoto wangu, nani anavuna, na siku gani?" Nikacheka. (Ninyi mliokwisha kuelewa, nyamazeni kwanza.)

Nilivunja mawe, nikaleta magunia ya udongo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na mboga za lengalenga zikakubali. Halafu zikaanza kupungua.

Alhamisi, kabla hakujapambazuka, nikajibanza nyuma ya rundo la mawe. Akaja mtu aliyejitanda kitenge kichwani, akainama, akakata shina la kwanza, akalikung'uta umande, akalilaza kwenye beseni kama anayelaza mtoto. Akakata la pili. Alipofikia la tatu, lile nene nililokuwa nimeliacha kwa ajili ya mbegu, nikaruka, nikakamata kitenge na kupiga ule ukelele ambao mjini hapa haupigwi kwa mchezo: "Mwizi!"

Sufuria moja ikagongwa, ya pili ikaitikia, na kabla sijavuta pumzi avenyu nzima ilikuwa ikilia kama karakana ya mafundi bati. Hapo kitenge kikanibaki mkononi, na mbele yangu akawa amesimama mama mwenye parseli, kichwa wazi, kisu kidogo mkononi, akinitazama bila haraka yoyote. Jembe likaanguka. Akasema kwa upole ambao ningeubadilisha kwa kofi, "Mtoto wangu, mwizi amepita wapi?"

Yaliyobaki si marefu: niliomba radhi mbele ya majirani na sufuria zao, kidole kikafungwa, kitenge nikakifua na kukipiga pasi, tukapatana kwamba yeye avune Jumanne na mimi Jumamosi.

Jumamosi nikipita na beseni langu, watoto wa avenyu hugonga sufuria.