Mgonjwa wa titi naye apigiwe simu

Kopo lilikuwa dogo, jeupe, mfuniko wake umezungushiwa plasta. Ndani mlikuwa na fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, na kinyama kilichotolewa kwenye titi la mama mdogo, hakikuzidi ukubwa wa punje mbili za maharage. Nesi alinikabidhi pamoja na karatasi, akasema nilifikishe maabara mjini Mbeya kinyama kikapimwe saratani, na niangalie lisimwagike. Nikalifunga kwenye kanga, nikalipakata ndani ya kosta kutoka Tukuyu, mvua ya kwetu ile isiyojua kukoma ikipiga vioo. Tulipofika Uyole abiria wa pembeni akaniuliza kama nimebeba asali. Nilishindwa kumjibu.

Siku hiyo tayari ilikuwa imepita miezi mitatu tangu mama mdogo aende hospitali kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza aliambiwa huenda ni jipu, akapewa vidonge vya kuua vijidudu. Mama mwenye miaka 51, ambaye mtoto wake wa mwisho anasoma sekondari, jipu la maziwa litoke wapi? Lakini alimeza dozi yote, kwa sababu amelelewa kuheshimu neno la daktari. Mara ya pili alikuta zamu nyingine, akaanza kueleza upya tangu mwanzo, akapangiwa siku ya altrasaundi. Mara ya tatu ndipo alipopata daktari aliyeushika uvimbe ule, akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, hiki tukikate kinyama leo leo."

Tukaambiwa majibu yakitoka tutaitwa. Hatukuitwa. Wiki ya saba nilifunga safari mwenyewe. Mhudumu akavuta droo, akapekua, akanipa karatasi yenye tarehe ya wiki nne nyuma. Wiki nne karatasi imelala kwenye droo, na uvimbe haukulala.

Sina kinyongo na yule mhudumu. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake ni kupiga simu. Na hilo ndilo linalonikera mpaka leo: katika jengo zima, lenye watu waliosomea na wanaojituma, hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kujua kwamba mama huyu yupo, amechukuliwa kinyama tarehe fulani, na anasubiri.

Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, na shabaha zake ni rahisi kukumbuka. Mgonjwa apate majibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Angalau asilimia 60 ya saratani zigundulike zikiwa hatua ya kwanza au ya pili. Angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu. Mama mdogo alisubiri siku zaidi ya 140. Hakujificha kwa mganga wala hakukaa nyumbani akiona aibu, kama tunavyopenda kuwasimanga wanawake wa vijijini kila saratani inapotajwa. Alikuwa anakuja hospitali. Siku zake zilipotelea mikononi mwetu.

Watu wakisikia malalamiko haya hukimbilia kusema hospitali za wilaya hazina mashine. Mimi sidai mashine ya mionzi iletwe kila wilaya. Ninachodai tunacho tayari, tena sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunakijua kuliko wengine. Utafiti wa VVU wa kitaifa wa 2022 na 2023 uliiweka mikoa yetu juu kabisa kwa maambukizi: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kwa msiba huo tulilazimika kujifunza. Nenda CTC yoyote, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, uone. Kila mgonjwa ana kadi, ana namba, ana tarehe. Asipotokea, jina lake linatolewa pembeni, anapigiwa simu, na simu isipopokelewa mhudumu wa jamii anaulizia njia mpaka anafika mlangoni. Damu ya kupima wingi wa virusi na makohozi ya kifua kikuu yana utaratibu wake wa kusafirishwa. Havibebwi na shangazi kwenye kanga.

Kwa nini basi kinyama cha titi kibebwe na ndugu kwenye kosta? Sampuli zinasafiri barabara ile ile.

Kufanana kwenyewe hakuishii hapo. Baada ya upasuaji na dripu za dawa za saratani, kipimo kilionyesha kwamba uvimbe wa mama mdogo ulikuwa unakuzwa na homoni, hivyo akaanzishiwa tamoxifeni, kidonge kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Kidonge cha kila siku, kwa miaka, kwa mtu anayejiona amepona. Hiyo ni kazi ambayo manesi wetu wa CTC wameifanya kwa miaka mingi: kumweleza mtu kwa nini asiache dawa wakati haumwi, kuhesabu vidonge naye, kumsikiliza akisema vinamsumbua. Mama mdogo vilimletea joto la ghafla usiku, katika baridi ya Rungwe, anatupa blanketi na kujifunika tena mara tano. Mwezi wa nne wa kumeza akaacha kimya kimya. Nilijua kwa bahati tu, kwa kuona pakiti haipungui.

Upasuaji nao una habari yake. Alielezwa kwamba kwa ukubwa ule uvimbe ungeweza kutolewa peke yake titi likabaki, ila lazima mionzi ifuate. Maana yake hospitali ya saratani ya Ocean Road, zaidi ya kilomita 800, matibabu ya siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki, na ndugu wa kukaa naye Dar es Salaam. Baba mdogo alikuwa tayari kuuza ng'ombe. Mama mdogo akasema litolewe lote. Sikuthubutu kumbishia, lakini nisingependa mtu aniambie kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kitabibu tu. Nauli nayo ilikaa kwenye kile chumba.

Aliyemwinua baadaye ni nesi mmoja wa wodi ya upasuaji. Alimsimamisha mbele ya ukuta, akamwonyesha kupandisha vidole taratibu kama mdudu anayepanda, akaweka alama ya penseli pale vilipofika. Kesho yake alama ikawa juu kidogo. Alimwonya asibebe ndoo kwa mkono ule wala asikubali kupimiwa presha upande huo, mkono usije ukavimba. Akamfundisha kushona kifuko cha kitambaa na kukijaza ulezi badala ya pamba, kwa sababu pamba ni nyepesi, hupanda mpaka shingoni, na ulezi una uzito wa titi. Jumapili iliyofuata mama mdogo alienda kanisani. Yote hayo hayakuandikwa popote kwamba ni kazi ya nesi yule. Akihamishwa, yanaondoka naye.

Oktoba hospitali nyingi hupima matiti bure na nashukuru, nenda kapimwe. Lakini mwanamke akiguswa uvimbe Jumamosi uwanjani, Jumatatu jina lake liko kwenye daftari la nani? Daftari moja, nesi mmoja mwenye jukumu lililoandikwa, na simu yenye salio. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kulianzisha mwezi huu, na halmashauri ikitaka salio hilo litaonekana kwenye bajeti.

Kwa sasa kazi hiyo anaifanya mama mdogo. Ana daftari la shule lenye majina ya wanawake saba aliokutana nao kliniki, na jioni kabla ya siku yao anawapigia mmoja mmoja: umepata nauli, vidonge vimebaki vingapi, mkono unaendeleaje. Wiki iliyopita mmoja hakupokea mara tatu. Asubuhi alipanda bodaboda akaenda kumtafuta. Vocha na nauli anatoa kwenye pesa yake ya ndizi.