Mgonjwa na mtoro katika rejista moja

Huko California, Marekani, mwalimu anapoita majina asubuhi anaandika pia hesabu ya fedha. Jimbo halizilipi shule za umma kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa, bali kwa wastani wa wanaohudhuria kila siku. Shule yenye wanafunzi 1,000 na mahudhurio ya asilimia 90 hulipiwa watoto 900.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Shule inayojua kwamba dawati tupu ni hasara itampigia mzazi simu asubuhi hiyohiyo. Ukilipa kwa majina tu, orodha ndefu inatosha. Kenya, ambako ruzuku hufuata walioandikishwa, wanazijua kelele za wanafunzi hewa.

Lakini watoto watatu wakilala na mafua, mshahara wa mwalimu haupungui, wala basi halipunguzi mafuta. Zamani mgonjwa mwenye ruhusa alihesabiwa kana kwamba yupo. Tangu mwaka wa masomo 1998/99, yeye na mtoro wanaigharimu shule sawasawa. Na nani hukosa shule zaidi? Mara nyingi ni mtoto mwenye pumu, au ambaye wazazi wake wanahamahama kwa kushindwa kodi ya nyumba. Fomula ya jimbo ya kugawa fedha za shule, ya mwaka 2013, inaziongezea fedha wilaya za shule zenye watoto maskini, kisha rejista inarudi kuzinyofoa kidogo kidogo.

Upande wa muda wa masomo nao una vipimo vyake: siku 180, na kwa darasa la 4 hadi la 8 dakika 54,000 kwa mwaka, yaani saa tano kwa siku. Ukipungukiwa, unakatwa, isipokuwa kwa dharura kama moto wa nyika. Sina ugomvi na kima hicho, ingawa dakika za ratiba si dakika za kufundishwa.

Mimi ningebakiza rejista na kulegeza kamba yake. Mwaka 2022, baada ya korona, jimbo liliruhusu wilaya kutumia pia wastani wa miaka mitatu iliyotangulia, hivyo pigo likapungua makali. Mwaka huohuo Seneta wa jimbo Anthony Portantino alipendekeza pengo kati ya walioandikishwa na waliohudhuria lilipwe, kwa sharti kwamba sehemu ya fedha hizo ipambane na utoro. Hapo shule ingepata nauli ya kumfuata mtoto kwao, badala ya kutozwa faini kwa kutomwona. Muswada huo haukuwa sheria.