Usajili wa kihistoria, kocha kafukuzwa: kundi la wachezaji tulipime kwa lipi?

Februari 2022 chuo cha Texas A&M kilifunga usajili wake wa futiboli ya Kimarekani kikiwa na kundi lililopewa alama za juu kuliko kundi lolote katika kumbukumbu za tovuti ya 247Sports. Mwezi Septemba mwaka huohuo Appalachian State, chuo cha milimani North Carolina ambacho usajili wake haumkoseshi mtu usingizi, kikaenda uwanjani kwao na kuwafunga 17-14. Msimu uliisha kwa ushindi wa mechi 5 na vipigo 7. Novemba 2023 kocha Jimbo Fisher akatimuliwa, na chuo kikabaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 za mkataba wake, alipwe huku amekaa nyumbani.

Muulize shabiki yeyote wa mchezo huo akutajie usajili uliokula hasara, hilo kundi halitakosa kwenye orodha yake. Lakini njoo kwenye drafti ya Aprili 2025, siku ambayo timu za kulipwa za NFL hupokezana kuchagua vijana kutoka vyuoni. Chaguo la 16: Walter Nolen, kaenda Arizona Cardinals. Chaguo la 17: Shemar Stewart, kaenda Cincinnati Bengals. Wote wawili walikuwa katika kundi lilelile la A&M la 2022. Wachezaji wawili wa raundi ya kwanza, wanafuatana kama mapacha, kutoka kundi linaloitwa la hasara.

Hapo ndipo ugomvi wa kupima usajili kwa matokeo unapoanzia, na kila upande una hoja yenye mashiko.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: wachezaji wa sekondari Marekani hupewa nyota na tovuti kama 247Sports, Rivals na ESPN, kuanzia mbili au tatu hadi tano. Wenye tano ni wachache sana. Wenye nne ni mia kadhaa kila mwaka, na wenye tatu ni maelfu. Nyota za wachezaji wote waliosaini chuo fulani hujumlishwa kwa kanuni yao, na chuo kinapewa nafasi yake kitaifa. Kwa miaka mingi kilele cha shughuli hii kilikuwa Jumatano ya kwanza ya Februari. Tangu Desemba 2017 kuna dirisha la mapema, na vijana wengi humalizana na vyuo kabla ya Krismasi. Baada ya miaka mitatu au minne ndipo waandishi na mashabiki huzifungua tena zile orodha na kuzisahihisha upya: nani alicheza, nani alipotea, nani alikuwa dhahabu na hakuna aliyemwona.

Wanaotetea usahihishaji huu wanaanza na jambo lisilopingika. Nyota anapewa kijana wa miaka 17 ambaye mwili wake haujamaliza kukua, na kwa mechi alizocheza dhidi ya watoto wa mitaa ya jirani. Josh Allen alimaliza sekondari Firebaugh, mji wa wakulima California, bila chuo kikubwa hata kimoja kumtaka. Akapitia chuo kidogo cha Reedley, akaenda Wyoming, mwaka 2018 akachaguliwa wa 7 kwenye drafti, na msimu wa 2024 akawa mchezaji bora wa NFL. J.J. Watt alianza Central Michigan akiwa na nyota mbili, akahamia Wisconsin bila hata udhamini wa masomo, na baadaye akawa mlinzi bora wa NFL mara tatu. Ukiishia kwenye orodha ya Februari, hawa hawapo.

Sawa. Ila mifano hii hunukuliwa mno, na wanaoinukuu husahau kugawanya. Wenye nyota tatu ni maelfu kila mwaka, kwa hiyo lazima baadhi yao wafike mbali, na ukihesabu vichwa tu wanaweza kuwazidi wenye tano. Ukiuliza kati ya kila mia wangapi walifika NFL, wenye tano wanawaacha wenye tatu mbali sana. Skauti, yaani wasaka vipaji, hukosea kwa kijana mmoja mmoja, lakini kwa ujumla wao wanaona vizuri. Kumtumia Watt kubishia nyota ni kumtumia mshindi wa bahati nasibu kumshauri jirani yako aache kazi.

Nyota hizo zinatabiri nini lakini? Watu wengi hawafiki kwenye swali hili. 247Sports hulenga kutoa nyota tano kwa wachezaji wapatao 32 kwa mwaka, kwa sababu raundi ya kwanza ya drafti ina nafasi 32. Maana yake anayetoa nyota anatabiri NFL. Shabiki anayezisoma anadhani ametabiriwa ubingwa wa chuo chake. Mambo haya mawili hukaribiana, lakini hayafanani, na malalamiko mengi kuhusu usajili "uliofeli" yanazaliwa katika pengo hilo.

Yanapokutana, lakini, huwa raha tupu. Chukua usiku wa tarehe 8 Januari 2018 pale Atlanta, fainali ya taifa kati ya Alabama na Georgia. Alabama inakwenda mapumziko ikiwa nyuma 13-0. Kocha Nick Saban anamkalisha benchi Jalen Hurts, kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) aliyemfikisha fainali, na kumwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza. Pasi yake ya kwanza ya tachidauni, yaani ya bao, inadakwa na Henry Ruggs, wa mwaka wa kwanza. Robo ya nne mpira anabebeshwa Najee Harris, wa mwaka wa kwanza, anawapasua. Pembeni upande wa kushoto anayemkinga Tua ni Alex Leatherwood, naye wa mwaka wa kwanza, aliyeingia baada ya mwenye nafasi kuumia. Muda wa nyongeza Georgia wanatangulia kwa pointi tatu, Tua anaangushwa na kurudishwa nyuma yadi 16, na watu wanaanza kushika vichwa. Mchezo unaofuata anaurusha mpira yadi 41 kwa DeVonta Smith. Wa mwaka wa kwanza. 26-23, mchezo umekwisha.

Kundi hilo la 2017 lilitajwa la kwanza kitaifa siku ya kusaini, na kila namna ya kusahihisha upya imelipa alama za juu. Limetoa wachezaji wanane wa raundi ya kwanza: Tagovailoa, Jedrick Wills, Ruggs na Jerry Jeudy mwaka 2020, halafu Smith, Mac Jones, Leatherwood na Harris mwaka 2021. Smith aliondoka na tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mkononi. Na Mac Jones? Huyo alikuwa na nyota tatu, jina la chini kabisa katika hao wanane, akaja kuwa kwotabeki wa timu iliyotwaa ubingwa msimu wa 2020 bila kupoteza mechi.

Mpinzani ana swali zuri hapa. Jones angepelekwa kwingine angekuwa Jones huyu? Alikaa benchi nyuma ya Hurts na Tua, akifanya mazoezi kila siku na wapokeaji waliokuwa njiani kwenda NFL. Tunapolipa kundi lile alama mia, tunawasahihisha vijana au tunamsahihisha Saban?

Chuo cha Texas, ambacho si Texas A&M, kinalifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Kundi lake la 2010, enzi za kocha Mack Brown, lilikuwa miongoni mwa bora nchini kwa nyota. Mwaka 2014, wakati waliobaki wa kundi hilo walipokuwa wamemaliza miaka yao minne, hakuna mchezaji hata mmoja wa Texas aliyechaguliwa kwenye drafti. Halikuwa limetokea tangu 1937. Mtu akiniambia skauti wote wa Marekani walipofuka kwa vijana wa chuo kimoja tu, sitamwamini. Kilichoharibika, kwa sehemu kubwa, kiliharibikia pale chuoni, baada ya kalamu kuwekwa chini.

Kwa hiyo usahihishaji upya unapima zaidi chuo kilichompokea mchezaji kuliko uamuzi wa kumsajili. Hiyo haiufanyi kuwa kazi bure. Inabidi tu tukubali kwamba cheti tunachoandika kina jina la mtu mwingine.

Halafu kuna suala la kipimo chenyewe. Wasahihishaji wengi hukimbilia drafti kwa sababu ina namba, na namba hazibishani. Shemar Stewart alicheza A&M misimu mitatu, na kila msimu alimwangusha kwotabeki mara 1.5, kwa hesabu zao ambapo wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja huandikiwa nusu. Jumla 4.5 kwa miaka yote. Kwa mlinzi wa pembeni aliyekuja na sifa zile, hiyo ni njaa. Bengals walimchukua kwa mwili wake, kasi yake na kile walichoamini wataweza kumfundisha. Ukimhesabia A&M kama ushindi wa usajili kwa sababu ya chaguo la 17, umewapa pongezi kwa mazao ambayo hawakuyavuna.

Upande wa pili yupo Marcus Lattimore, mbeba mpira aliyesaini South Carolina mwaka 2010. Novemba ya mwaka wake wa kwanza timu ilikwenda Gainesville kucheza na Florida, mahali ambapo South Carolina haikuwa imewahi kushinda. Alipewa mpira mara 40. Akakusanya yadi 212, wakashinda 36-14, na wakatwaa taji la kanda ya Mashariki ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini, kwa mara ya kwanza katika historia yao. Goti likaumia 2011, jingine 2012. San Francisco 49ers walimchagua raundi ya nne mwaka 2013, na hakucheza mechi hata moja ya NFL. Kwa kipimo cha drafti Lattimore ni mchezaji wa kawaida tu. Nenda Columbia, South Carolina, uwaambie hivyo wenyeji.

Na Stetson Bennett utamweka wapi? Alifika Georgia 2017 bila udhamini, kwa hiyo hakuongeza hata chembe kwenye alama za kundi la mwaka huo. Akaondoka kwenda chuo kidogo cha Mississippi, akarudi, na akaiongoza Georgia kutwaa ubingwa mara mbili mfululizo, Januari 2022 na Januari 2023. Ile fainali ya pili ilikuwa 65-7, mauaji. Anayesahihisha usajili wa Georgia wa 2017 kwa uaminifu analazimika kuamua kama mchezaji ambaye hakusajiliwa ndiye aliyekuwa usajili bora.

Msimamo wangu ni kuwa na madaftari mawili yasiyochanganywa. La kwanza ni la jicho: je, waliowachagua vijana hawa waliona kipaji kilichokuwepo? Hapo drafti inafaa kuwa shahidi, bila kujali mchezaji aliishia chuo gani. La pili ni la faida: akiwa amevaa jezi ya chuo kilichomsaini, alikipa nini? Hapo NFL haina kauli, na msimu mmoja wa Lattimore unazidi misimu mitatu ya Stewart. A&M ya 2022 inafaulu daftari la kwanza vizuri tu. Katika la pili imeanguka, na kuanguka huko kusiandikwe kwa jina la wale vijana peke yao. Walipofungwa na Appalachian State walikuwa katika msimu wao wa kwanza, na timu iliyofungwa siku hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wakubwa zao.

Kinachonipa shaka juu ya mpango wangu mwenyewe ni uhamisho. Tangu 2021 mchezaji anaweza kubadili chuo bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao. Kundi la A&M lilitawanyika: Evan Stewart akaenda Oregon, Conner Weigman Houston, LT Overton Alabama, Nolen akaenda Ole Miss. Kundi lililotawanyika namna hiyo ndani ya miaka mitatu linasahihishwaje kama kitu kimoja?

Indiana ndiyo iliyoimaliza hoja kabisa. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba bingwa wa taifa hutoka miongoni mwa vyuo ambavyo zaidi ya nusu ya wachezaji waliowasajili kwa miaka minne walikuwa na nyota nne au tano. Indiana haikuwa hata karibu na kiwango hicho. Kocha Curt Cignetti alikuja na wachezaji wake kutoka James Madison, akaongeza wakubwa waliokwisha kuiva vyuo vingine, akiwemo kwotabeki Fernando Mendoza kutoka chuo cha California, ambaye alipomaliza sekondari karibu vyuo vyote vikubwa vilimruka. Mendoza akatwaa Heisman ya 2025, na Januari 2026 Indiana ikawa bingwa bila kupoteza mechi. Orodha za usajili wa sekondari za Indiana hazikukuonyesha ubingwa huo siku ya kusaini, na hata ukizisahihisha leo hazitakuonyesha, kwa sababu sehemu kubwa ya timu haimo ndani yake. Anayetaka kupima usajili kuanzia sasa ahesabu kikosi kizima, msimu kwa msimu, na ampe kila mchezaji chuo alichokichezea mwaka huo. Kwa hesabu hiyo Nolen ana misimu miwili ya A&M na mmoja wa Ole Miss, na ule wa Ole Miss ndio uliompeleka raundi ya kwanza.