Mshahara wa kwanza wa aliyesomeshwa

Kijana wa kijijini aliyesomeshwa kwa ufadhili anapopokea mshahara wake wa kwanza, mara nyingi umeshagawanywa kabla haujamfikia. Ukurasa wa nyuma wa daftari lake una orodha: karo ya mdogo wake, paa la nyumba ya mama, dawa za babu, nauli aliyokopeshwa na jirani siku alipokwenda kuripoti shuleni. Kodi ya chumba anacholala imeandikwa chini kabisa, na pembeni yake kuna alama ya kuuliza.

Wanaotetea ufadhili wa masomo wakiuona ukurasa huo hufurahi: amelipiwa mmoja, wamenufaika watano. Wanaoukosoa wanaona mzigo ulioshinda nchi nzima umetwishwa kichwa kimoja, tena cha mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa miaka mingi, na siwezi kuipuuza hata moja.

Tuanze na ushahidi, maana mjadala huu umejaa simulizi za waliofanikiwa tu. Mwaka 2008 nchini Ghana, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliwafuata vijana 2,064 waliochaguliwa kuingia sekondari wakashindwa kujiunga kwa kukosa karo. Kwa bahati nasibu, 682 kati yao walipewa ufadhili. Hadi 2016, waliolipiwa walikuwa wamewazidi wenzao kwa pointi 26 za asilimia katika kumaliza sekondari. Walijua kusoma na hesabu vizuri zaidi, walijikinga zaidi na maradhi, na wasichana walikuwa wamezaa watoto wachache zaidi. Kwa mtu anayejua maana ya binti kubaki shule hadi mwisho, hilo peke yake linatosha kuulipia.

Ila upande wa kipato ndio unaonifikirisha. Walipofikisha wastani wa miaka 25, waliokuwa wamepangiwa michepuo ya ufundi walikuwa tayari wanaingiza zaidi kuliko wenzao. Wa michepuo ya kitaaluma, ambao ufadhili uliwafungulia zaidi mlango wa elimu ya juu, walikuwa bado hawajaona nyongeza ya maana mfukoni. Wengine walikuwa bado wanasoma, wengine ndiyo kwanza wanatafuta kazi. Sasa linganisha na daftari letu. Miaka 25 ndiyo umri ambao nyumbani wanaanza kuuliza, kwa upole mwanzoni, mbona msomi wetu kimya. Familia inadai mavuno wakati mmea bado uko kwenye maua.

Wakosoaji wana hoja nyingine, na hii ina uchungu wake. Ufadhili huchagua. Aliyepata alama moja pungufu anabaki, na pengine alikuwa akitoka shule kwenda kuchota maji wakati mwenzake anajisomea. Heri fedha hizo zifute karo kwa wote, wanasema. Uganda ilifuta karo ya msingi 1997, Tanzania 2001, Kenya 2003, na watoto walifurika madarasani kwa idadi iliyowazidi walimu. Nakubali kwamba huo ndio msingi wa haki. Hata hivyo, karo ikifutwa bado kuna sare, nauli, taulo za kike, na mikono ya mtoto inayohitajika shambani. Maskini kuliko wote huangushwa na hivyo vidogo, na hapo ufadhili unaomlenga mtu kwa jina lake hufika pasipofikiwa na sera ya jumla.

Na kurudisha je? Kuna wanaotaka mfadhiliwa atie saini kwamba atarudi kuitumikia jamii yake. Zamani niliona ni kumfunga mtu kamba. Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, Japani, kilichoanzishwa 1972, kimenilegeza msimamo. Kila mkoa hupeleka vijana wachache, wanasoma kwa mkopo, na deni hufutwa kwa daktari anayeutumikia mkoa wake miaka tisa, ikiwemo kazi ya vijijini. Wengi mno huitimiza. Lakini tazama kinachowasubiri: hospitali, cheo na mshahara. Kumwambia kijana arudi mahali pasipo na ajira ni kumrudisha kwenye umaskini uleule, safari hii akiwa na cheti mkononi.

Camfed, shirika linalosomesha wasichana wa vijijini Afrika, lilianza 1993 kwa wasichana 32 wa Zimbabwe. Mwaka 1998 wahitimu walianzisha chama chao, na mpaka leo wanachama huwasaidia wadogo zao kwa fedha, kwa ushauri, na kwa kuwatembelea shuleni. Wanasaidia wakiwa wengi. Anayeyumba mwaka huu anashikwa na wenzake, na hakuna anayebeba ukoo mzima peke yake gizani.

Kwa hiyo mfadhili mwenye nafasi kumi akiniuliza, nitamwambia asomeshe saba. Fedha za nafasi tatu zilizobaki ziwalipie wadogo zao karo, na ziwashike mkono wahitimu mwaka ule wa kwanza wa kutafuta kazi, kodi na nauli za usaili zikiwemo. Najua namwambia aache watatu nje ya lango, na sijapata namna ya kulisema hilo bila kuumia. Najua pia kwamba kumi husomeka vizuri zaidi kwenye ripoti ya mwaka. Lakini hao saba, siku ya mshahara wa kwanza, wataiandika kodi ya chumba juu ya ukurasa, bila alama ya kuuliza, na mstari wa karo ya mdogo mtu utakuwa umeshalipwa.