Deep Purple malejendi, Msondo eti "bado wapo?"

Kuna mzungu mmoja kazini kwetu huku Uingereza, wiki nzima hana habari nyingine ila Deep Purple. Kakata tiketi, fulana kavaa, na somo ananipa kama vile sijawahi kusikia gitaa: bendi ya rock ya tangu 1968, aliyebaki toka mwanzo ni mpiga dramu tu, Ian Paice, mpiga gitaa Blackmore kaondoka 1975, bendi ikafa 1976, ikafufuka 1984 na Blackmore ndani, 1993 kasepa tena, na kumbi bado zinajaa! Namwitikia tu eeh, eeh. Huyu hajui anamsimulia mtoto wa Msondo, bendi ya dansi ya Dar!

Ilianza kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na ni ya 1964 jamani. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndo ikaja Msondo Ngoma. Chama kikifumuliwa na bendi inapewa jina jipya, wanamuziki ni waajiriwa, vyombo vya ofisi, nani abishe? Huku jina ndo mali. 1980 Rod Evans, mwimbaji wao wa kwanza, alizunguka Marekani na wanamuziki wa kuokoteza akijiita Deep Purple, wenzake wakamburuza mahakamani na akashindwa. Kwetu mpenzi wa dansi alifuata mtindo wa upigaji, si jina. Wimbo ukiingia kwenye chemko, pale unapochanganya, tarumbeta zinajibizana na gitaa la solo, tumba inakazana chini, unajua ni wao hata ukiwa nje ya ukuta huna kiingilio.

Na kuhama je? Mwimbaji wetu Gurumo 1978 alienda Mlimani Park, ndo hao Sikinde, 1985 akaenda OSS, bendi nyingine ya dansi, baadaye akarudi Msondo. Mwimbaji mwenzake Bitchuka ndo usiseme. Wapenzi walinuna, wakatukana kidogo, Jumamosi wakarudi ukumbini.

Kinachonikera ni sisi. Mwimbaji wetu TX Moshi William alipofariki 2006, watu wakasema "Msondo basi tena." Gurumo akatutoka 2014, maneno yale yale, na bendi inapiga. Huku mpiga gitaa mwenye mvi analipiwa hela nyingi aonekane tu, kwetu anaulizwa bado yupo, na anayeuliza kavaa fulana ya bendi ya rock ambayo hajui wimbo wake hata mmoja!

Najua mtasema Ulaya imenipanda kichwani, kiingilio chenyewe silipi. Sawa, silipi, nikija likizo nalipa na mpiga solo namtuza. Ila msinisingizie dharau, sijasema wazungu wana akili kuliko sisi. Huyu wa kwangu kauziwa heshima na fulana juu, bendi yake mirabaha inaingia, ratiba ya mwaka imepangwa. Wazee wetu wamefika hapa bila hayo, kwa hela ya mlangoni, halafu mnataka nimshangae Paice?

Na nyie wa Sikinde msianze, nawaona mnavyokuja. Bendi ya 1978 kwetu ni mdogo wetu wa mwisho.