Alama Kwanza, Kisha Nini? Kuimarisha Ombi la Kusomea Udaktari

Mwanafunzi anayetaka kusomea udaktari hupewa ushauri wa aina mbili unaokinzana. Walimu wengi humwambia akaze masomo, apate alama za juu, mengine yatajipa. Washauri wa udahili humwambia kwamba alama za juu waombaji wote wanazo, hivyo kinachomtofautisha ni kujitolea hospitalini, uongozi, mashindano ya sayansi na maelezo binafsi, yaani insha ya kujieleza, yaliyoandikwa kwa ustadi. Pande zote mbili zina ukweli, ila uzito wake haulingani, na mwanafunzi mwenye muda mchache anastahili kuambiwa waziwazi aanzie wapi.

Aanzie kwenye alama. Katika nchi nyingi udahili wa udaktari hutegemea matokeo ya mtihani wa mwisho pekee au karibu pekee, na hapo hakuna barua wala cheti kinachoweza kufidia Kemia iliyoanguka. Hata vyuo vinavyosoma maelezo binafsi huanza kwa kuwachuja waombaji kwa alama. Kosa linaloumiza zaidi hufanyika miaka kadhaa kabla ya ombi, mwanafunzi anapochagua masomo bila kusoma masharti ya vyuo anavyovitaka: kimoja hutaka Kemia na Baiolojia, kingine huongeza Fizikia au Hisabati. Kosa hilo hugunduliwa wakati muda wa kulirekebisha umekwisha, na nimeona likiwaangusha watoto wenye akili mara nyingi zaidi kuliko upungufu wowote wa vyeti.

Kisha kuna mitihani ya udahili, nayo haifanani. MCAT, inayotumika Marekani na Kanada, hupima Baiolojia, Kemia, Fizikia na saikolojia pamoja na uwezo wa kusoma na kuchambua hoja. UCAT, inayotumiwa na vyuo vingi vya Uingereza, Australia na New Zealand, haipimi yaliyokaririwa, bali kasi ya kufikiri na uamuzi. Na mitihani hii hubadilika. BMAT, ambayo Oxford na Cambridge ziliitegemea, ilifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023. UCAT nayo iliondoa sehemu ya mafumbo ya maumbo mwaka 2025. Kitabu cha mazoezi alichoachiwa mtu na kaka yake kinaweza kumfundisha mtihani usiokuwepo tena.

Wanaotetea alama wana ushahidi wa kufikirisha. Mwaka 1979 bunge la jimbo la Texas lilikitaka chuo cha udaktari cha Houston kiongeze nafasi 50 wakati uteuzi ulikuwa umekwisha fanyika. Chuo kililazimika kuwarudia waombaji kilichokuwa kimewaweka mkiani baada ya usaili. Watafiti waliowafuatilia walichapisha matokeo mwaka 1987: kati yao na wale waliochaguliwa tangu mwanzo hapakuwa na tofauti ya maana, si darasani wala wodini. Makundi hayo yalikuwa yametenganishwa zaidi na maoni ya wasaili kuliko na alama.

Hoja ya haki ni nzito zaidi. Mtoto wa daktari hupata nafasi ya kuambatana na daktari kazini kwa simu moja ya mzazi. Mtoto wa fundi huandika barua ambazo hazijibiwi. Uingereza, Steven Jones wa Chuo Kikuu cha Manchester alilinganisha maelezo binafsi ya waombaji wa vyuo vikuu waliokuwa na matokeo sawa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliotoka shule binafsi walikuwa na uzoefu wa kazi wa hadhi zaidi wa kuutaja. Uholanzi kwa miongo mingi iligawa nafasi za udaktari kwa bahati nasibu iliyowapa uzito zaidi wenye alama bora. Ikaiacha, kisha ikairuhusu tena mwaka 2023, kwa sababu uteuzi wa vyuo vyenyewe ulionekana kuwafaa zaidi wenye nacho.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema mengine yote ni mapambo. Kilichoshindwa Houston ni usaili wa aina ile, na umepatiwa mbadala. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilibuni usaili wa vituo vingi vifupi, ambapo mwombaji hukutana na msaili tofauti kila kituo: hapa anamweleza mtu habari mbaya, pale anapima jambo la maadili. Msaili mmoja asiyempenda hawezi tena kumwangusha peke yake. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba alama za usaili huu hubashiri jinsi mwanafunzi atakavyofanya katika mitihani ya kumhudumia mgonjwa, jambo ambalo alama za shule hulibashiri kwa udhaifu.

Usaili wa namna hiyo haujibiwi kwa kukariri. Mtu aliyemlisha mzee mgonjwa wiki baada ya wiki, akazoea hasira yake na ukimya wake, ana la kusema kuhusu uvumilivu. Tena hakuhitaji kujuana na daktari bingwa. Kumuuguza bibi nyumbani, kusaidia kwenye nyumba ya wazee, kuwafundisha watoto wenye ulemavu, hata kuhudumia wateja wenye haraka dukani: vyote vinafaa, na vyuo vingi huvihesabu. Anayeishi Uingereza na asiyeweza kuingia kliniki anaweza kutumia Observe GP, jukwaa la bure mtandaoni la chuo cha kifalme cha madaktari wa familia cha Uingereza, linaloonyesha kazi ya siku hadi siku.

Kuna njia moja ambayo ningemkataza mwanafunzi wangu kabisa: safari za kulipia kwenda nchi maskini, ambako kijana asiye na mafunzo huruhusiwa kushona jeraha au kuzalisha. AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani, umewaonya waombaji kwamba kufanya hivyo kunaweza kuwaharibia ombi. Lakini zaidi ya ombi kuna mgonjwa, ambaye hakukubali kuwa somo la mtu. Daktari mtarajiwa asiyeliona hilo hajawa tayari.

Kuhusu maelezo binafsi, UCAS, mfumo wa Uingereza wa kuomba vyuo vikuu, uliacha insha moja ndefu na kuweka maswali matatu kwa wanaoanza masomo mwaka 2026: kwa nini kozi hii, masomo yamekuandaaje, na nje ya darasa umejiandaaje. Mpangilio huo unafaa hata kwa anayeomba kwingine. Aeleze mambo machache kwa undani: alichokiona, kilichomsumbua, alichokwenda kusoma baada ya hapo. Sentensi ya kusema ametaka udaktari tangu utotoni haimpi msomaji chochote cha kupima. Kuiachia programu ya kompyuta au mtu wa kulipwa kazi ya kuyaandika maelezo hayo kuna hatari nyingine: msaili atauliza kuhusu kila aya, na aliyeandika hatakuwepo.

Kwa mwenye miaka miwili mbele yake, ningependekeza masharti ya vyuo yasomwe sasa, Kemia ipewe saa nyingi kuliko yote, na kazi moja ya kuhudumia watu ichaguliwe na kushikiliwa hadi mwisho, saa chache kila wiki, kwa daftari la kumbukumbu. Mitihani ikikaribia, kazi hiyo ipunguzwe bila kujilaumu. Nafasi ni chache kuliko wanaostahili, na wengi hukataliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kozi ya akiba nayo ichaguliwe mapema: ukunga, famasia, uuguzi au sayansi ya maabara, ile ambayo mwanafunzi yuko tayari kuifanya maisha yake yote.